Kiti cha Tisa

Radko wa manispaa amekuja na futi ya chuma.
Anapiga goti mbele ya mkahawa wa Zdravka,
Plovdiv, asubuhi, maji ya jana bado yamo baina ya mawe.
Kutoka ukutani hadi mstari wa chaki: mita mbili na robo.
Kutoka chaki hadi barabarani: moja unusu, ya wapita njia,
na hapo, anasema, hata paka asilale.

Kibali kimegongwa muhuri: meza nne, viti vinane,
Aprili hadi Oktoba, ada kwa kila mita ya mraba,
mwavuli usivuke mstari.
Kumbe kivuli nacho kina mpaka.
Zdravka anauliza, jua likihama nimlipe nani?
Radko hacheki. Anaandika.

Kisha anahesabu upya.
Tisa.
Cha tisa ni cha jikoni, mguu mmoja umefungwa waya,
kimekaa nje ya chaki, peke yake, hakina meza.
Anakishika mgongo akiondoe,

na hapo fimbo nyeupe yaja, ko, ko, ko, juu ya mawe:
Lyuben wa ghorofa ya tatu,
asiyeona kibali wala chaki.
Fimbo yagusa ule mguu wenye waya. Anageuka, anaketi,
anavua kofia.
"Kahawa. Na nani huyu ananukia wino?"

Kwenye fomu pana swali: *Vizuizi kwa wasioona?*
Radko anaitazama kalamu yake hadi kahawa inaletwa.
Anaandika: *Kimoja. Kimekaliwa.*