Arobaini

Cheti changu kimo sandukuni, Newala,
chini ya kitenge cha msiba,
na bado kinasema kilichosema siku ya kwanza:
Somoe Nangumbi, hisa arobaini.
Hakuna aliyefuta. Mchwa hawajagusa.

Nilizinunua kwa pesa ya korosho,
malipo ya pili, elfu tano kila moja,
kiwanda kikiwa bado mabati na maneno.
Hisa zote elfu nne. Nikahesabu kwa kokoto:
kwenye kila mia, moja yangu.
Ikawa nikipita nikasikia harufu ya maganda yanaungua
nasema moyoni, kidogo, hii nami ni yangu.

Kisha boila ikapasuka.
Bwana Nandonde akatuita ukumbi wa kata,
akasema kampuni inataka kupumua:
hisa mpya elfu sita, kwa elfu mbili mbili,
wenyewe kwanza, siku kumi na nne,
zitakazobaki, kuna watu Dar es Salaam.

Ilikuwa Julai.
Nani ana pesa Julai? Julai ni ya salfa.
Laki moja na ishirini ili nibaki nilipo
(nilipo! si nisogee)
na ubwiriunga umeshaanza kuyapaka maua majivu.
Nikanunua salfa.

Mimi msimu wa mabibo nauza uraka.
Najua maji yanavyoingia:
ndoo hujaa, wala halijatoka hata tone,
na mnywaji wa kwanza hushusha kikombe,
ananitazama. "Somoe, umezimua."
Kampuni haionjwi.
Na hapa kwetu, ambako maji
tunayapandisha mlima toka bondeni, ndoo kwa ndoo,
sikujua kuna mengi hivi
karatasini.

Sisemi tumeibiwa. Boila mpya inanguruma,
wabanguaji wamerudi, mshahara unatoka,
na arobaini ya kiwanda kilichokufa
ni arobaini ya nini?
Ila mkutano uliopita tulinyoosha mikono,
makwapa ya Newala nzima,
na kijana mmoja wa Dar, mpole, hakunyoosha kitu.
Alifungua kompyuta yake.
Tukashindwa.

Nimerudi nyumbani, nimefungua sanduku.
Arobaini.
Nimezimwaga tena kokoto sakafuni, nimehesabu
hadi mia mbili na hamsini ndipo nikaifikia yangu.
Ni ileile, haijamegeka.
Rundo ndilo limekua.