Takriban

Newala, Novemba, saa nne usiku.
Ghala la chama limefungwa, mizani imefunikwa turubai,
na mimi, Somoe binti Nandonde,
vumbi la magunia bado liko kwenye kope,
natafuta katika simu kijiji alikozaliwa mama.

Nalifungia jina ndani ya alama za mtajo,
kama mbuzi zizini, lisichanganyike na ya wengine:
"Mnauke".
Takriban matokeo 8,400.
Nacheka peke yangu. Mnauke haijawahi kuwa na elfu nane ya kitu chochote,
hata mikorosho, ukihesabu na ile iliyoungua.

Basi napunguza. Naweka kistari cha kutoa, naondoa neno korosho,
maana bei za mnada zimejaa kila mahali.
Takriban matokeo 31,000.

Nimetoa, ikaongezeka!

Mtipa wa mizani angevua kofia.
Mtipa, ambaye gunia likipungua nusu kilo
hulimwaga lote sakafuni akalipima upya,
wakulima wakisonya mlangoni.
Andika "takriban" kwenye stakabadhi ghalani
uone kama kesho hurudi kwenu kupalilia.

Nageuza kurasa. Wa pili upo.
Wa tatu una mistari mitatu.
Wa nne hakuna, na kule juu namba imebadilika bila haya:
matokeo 23.
Zile elfu nyingine zimekwenda wapi?
Nani kazibeba, kwa gari gani, usiku huu?

Hii ni kangomba.
Ni bakuli lile la mnunuzi wa vichochoroni,
limegongwa kitako mpaka likatuna,
halafu anakuambia, kilo hiyo, mama,
na mama anapokea, kwa kuwa shule zinafunguliwa.

Ishirini na tatu nazihesabu kwa kidole.
Ishirini ni tangazo moja la mnada, limenakiliwa na kunakiliwa.
Mbili ni Mnauke mtu, fundi baiskeli wa Tunduru.
Inabaki moja: orodha ya visima, ukurasa umepigwa picha upande,
na mbele ya Mnauke, kwa mwandiko wa kalamu:
kimoja, kimekauka.

Mama alikuwa akiamka saa tisa usiku na ndoo,
akiteremka bondeni. Hakuwahi kusema kwa nini.

Kesho nitamwambia Mtipa nimepata moja.
Atauliza, kilo ngapi?