Mgeni Nimempa Jiwe

Nilirudi kutoka kaskazini na mifuko miwili:
mmoja wa nguo, mmoja wa vidonge.
Miaka kumi na mitatu nimeezeka nyumba za watu,
chakula cha mchana nikila juu ya paa, miguu ikining'inia:
mkate mweupe, laini kama sifongo,
na soda ya lita mbili, ya kuzima jua.
Jua halikuzimika.
Nilianza kuzimika mimi: macho kwanza,
kisha vidole vya miguu vikafa ganzi
kama vya mtu mwingine.

Mama mkwe, Eufrosina, hakunipa pole.
Alinitazama kiunoni, akatazama chungu,
akasema, "Kesho utasaga."

Huku milimani Oaxaca usiku ni wa kuchemsha mahindi,
yale ya samawati, pamoja na chokaa,
kipimo ni kiganja chake.
Alfajiri maganda yanateleza yenyewe
kama soksi za mtoto aliyelala.
Mimi nasaga. Jiwe hili lilikuwa la bibi yake,
limebonyea katikati kwa magoti ya wanawake wanne,
na mwezi wa kwanza niliapa kwamba linanichukia.

Nikimuuliza kuhusu vitamini hunijibu kwa vitu:
maharagwe meusi, yale madogo, na jani la parachichi;
boga, na ua la boga;
mchicha pori, ung'olewe katikati ya mahindi
(kule kaskazini huupulizia sumu);
na mpungate, unyolewe miiba kwa kisu,
ubabuliwe kwenye kikaango cha udongo mpaka utoe ute.
Ute huo, asema, huikamata sukari shati.
Kama ni kweli sijui. Nasema alichosema.

Siku moja nilitoroka.
Nilinunua soda kwa Fidencio, nikainywa nyuma ya kanisa,
mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja,
nimechutama kama mwizi wa kuku.
Utamu ule ulinikaa kooni kama deni.
Eufrosina alinusa tu, hakutamka neno.
Usiku sahani yangu ilikuwa na maharagwe mara mbili.

Mwezi wa tano nesi Yadira akanitoboa kidole,
akasoma namba, akaitikisa mashine,
akanitoboa kingine.
"Umebadilisha dawa?"
"Nimebadilisha mpishi."
Akacheka, ila kidonge hakukifuta hata kimoja.
"Vyote viwili, Crisóforo. Chungu na kidonge.
Usije ukanifanyia ushujaa."

Basi sijapona; huu si ugonjwa wa kuaga.
Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
wangu nimempa jiwe.
Tunasaga naye, yeye na mimi, kila alfajiri,
na simwandalii tena anachokipenda.

Leo, gizani, kabla ya moto kushika,
nilikanyaga punje moja ya mahindi, kavu, ngumu,
na kidole kidogo cha mguu wa kushoto,
kile nilichokwisha kukizika,
kikauma.
Nikapiga ukelele. Eufrosina akaja mbio na koroboi,
"Nini? Nini?"
"Kimeuma!" nikamwambia, "mama, kimeuma!"
kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto.