Jumanne ya Kwanza ya Mwezi

Mimi ndiye mwenye funguo na daftari la ada.
Nafika ukumbini saa saba mchana, napanga viti:
zamani arobaini na vinane,
mwaka jana thelathini, leo ishirini na kimoja,
tena Maodez anakalia viwili,
kimoja chake, kimoja cha goti lake la chuma.

Nje, Lannion inanyeshewa kana kwamba iliagiza.
Gwenola ameleta keki ya siagi, nzito kama tofali.
Wanaingia wakikung'uta makoti, wakibusiana mashavu,
wakijuliana hali za vibofu na za wajukuu
kwa kupaza sauti, maana nusu yetu hatusikii.

Sisi, jamani! Sisi tuliolipwa miaka na miaka
kupigana na kelele,
tuliochambua mikwaruzo kwenye waya kama mchele
mpaka shangazi aliye Marseille
akasikika yupo hapo jikoni, anamenya vitunguu.
Leo vidude vya masikioni vinapiga mbinja
kila tukikumbatiana.
"Kazi imelipuliwa hii," asema Tanguy,
akimlaumu fundi asiyemjua.

Mwezi uliopita tulifundishwa habari za nyuki.
Mwezi ujao ni basi, kwenda kuona mnara wa taa;
njiani kuna vyoo viwili, nimepiga simu kuhakikisha.
Leo ni zamu ya Ronan Le Bivic. Mada: mwangwi.

Aliumaliza ujana wake akiufukuza.
Sauti, anasema, huenda mpaka mwisho wa waya,
hubisha hodi, hukosa wa kuifungulia,
hurudi kumsumbua aliyeituma.
Anachora wimbi ubaoni. Mkono unamtetemeka,
wimbi linatoka na mikwaruzo yake.
Hakuna anayesema neno,
ila Goulven, wa idara ya mitambo, ananyoosha kidole:
"Kichujio chako kilichelewa!"
Ni ubishi wa miaka arobaini, haujapoa.
Wanagombana dakika kumi, mashavu yamewanawiri.
Wawili nyuma wanakoroma.

Kisha Ronan anafungua sanduku,
anatoa mashine ya mkanda, anaipuliza vumbi,
na msichana anaanza kusoma,
mkavu, bila furaha wala huzuni, kama alivyoelekezwa:

*Paka wa jirani amemaliza maziwa.*
*Mlango mwekundu haufungiki vizuri.*
*Tutakwenda sokoni mvua ikikatika.*

Sentensi za majaribio. Maana yake haikumhusu mtu,
zilipimwa kwa irabu na konsonanti zake tu.
Tulizipitisha kwenye kila waya, mzima na mbovu,
tukazisikia kuliko sauti za watoto wetu.
Msichana anarudia, kutoka mwanzo,
na midomo ishirini inacheza yenyewe, kimya,
kama ya wanaosali.

Soizic yupo, safu ya tatu, miaka themanini na mmoja,
shali ya kijani. Mkanda hausikii.
Anatuona midomo.
Anamtazama huyu, anamtazama yule,
uso unamkunjuka,
na kwa sauti yenye kokoto
anasoma naye, amechelewa nusu sekunde:

*jirani amemaliza maziwa*
*mwekundu haufungiki vizuri*
*mvua ikikatika*

Yule wa mkanda mbele, huyu nyuma yake,
yuleyule.
Nikauona mkono wa Ronan ukienda kwenye swichi
kwa mazoea tu ya mwili,
ukafika, ukakaa pale juu,
haukubonyeza.

Mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga.
Keki ilibaki robo. Goulven akasema bado yuko sahihi.
Nilipokuwa nakunja viti, Soizic akanishika mkono
akauliza kama amelipa ada ya mwaka.
Umelipa, Januari.
Eti?
Umelipa, nikamrudia sikioni. Umelipa.