Chupa Saba, Isevya

Walizipanga kwenye mkeka wa Mama Sizya,
chupa saba za chai, kila moja na kitambaa shingoni:
chekundu, cha njano, cha buluu iliyochujuka,
na kimoja kipande cha kanga kuukuu
kilichobakiwa na neno moja tu la jina lake: LAKINI.
Ipi ya nani, sikuambiwa.
"Umechemsha chai stesheni miaka ishirini na sita,"
akasema Ndisha, katibu wa kikoba, kalamu tayari,
"tuchagulie ya kuuza kwenye kibanda chetu."

Nikasukutua. Nikavua pete.
Sijui kwa nini nilivua pete.

Ya kwanza, tangawizi.
Tangawizi kweli, si ya unga, ila imetwangwa kwa hasira.
Imenikaba koo kama mdai.
Andika: huyu afundishwe kuponda, aache kulipiza kisasi.

Ya pili, iliki na maziwa. Hariri.
Nimeitafuta chai humo ndani, sikuiona.
Majani yamechungulia sufuria kwa adabu, yakaaga.
Wakacheka, na mmoja akachelewa kucheka.

Ya tatu, mchaichai wa leo, umande haujamtoka.
Hii ningempa mgonjwa, ningempa mkwe.
Abiria wa saa nane za usiku nisingempa:
yule anataka kitu cha kumkumbusha kwamba ana miguu.

Ya nne ina karafuu, mdalasini, pilipili manga,
na sitaapa, lakini nadhani na binzari.
Harusi nzima kikombeni, bibi harusi hayupo.

Ya tano, choya, kwa asali ya nyuki wadogo.
Hapo nilisahau kazi.
Asali ya Sikonge haipandi kizimbani.
Nililamba kijiko mpaka Ndisha akakohoa.

Ya sita, moshi.
Kuni za mtundu, sufuria haikufunikwa,
moshi umeingia bila hodi
na umekaa vizuri kuliko wageni walioalikwa.
"Hii," nikasema. "Hii iuzwe."
Ya saba bado sijaigusa.

Ile ya kipande cha kanga.
Rangi tupu. Nikanywa.

Chumvi.

Mabinti walioonja wakaguna: kakosea kopo!
Hakukosea.
Mwaka ule sukari ilipotea,
mawe yetu yakipanga foleni dukani badala yetu,
tulikuwa wawili kwenye benchi moja la stesheni,
jiko moja, kopo moja la majani,
treni imechelewa mpaka alfajiri,
tukawauzia watu chai ya chumvi kwa matobolwa,
naye akinadi, "Chai ya pwani! Imekuja na bahari yake!"
mpaka watu wenye njaa wakacheka.

Kalunde.

Benchi tuligombania baadaye. Likawa langu.
Miaka kumi na mmoja tunapishana sokoni kama treni mbili,
kila moja na reli yake.

Sikuinua macho. Niliona miguu tu, ukingoni mwa mkeka,
na kisigino kimoja kilichopasuka ninachokijua.

Haki ni haki. Chai ya chumvi haiuziki;
watoto wa siku hizi wangerudisha kikombe na kudai chenji.
"Ya saba," nikamwambia Ndisha, "iandike ya mwisho."
Akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza.

Kisha nikanyoosha kikombe,
mkono ukitetemeka kidogo
kwa uzee, tuseme ni uzee,
nikaomba nimiminiwe tena
ile ile,
na mwenyewe aje amimine.