Nafasi ya Tarehe

Natoza kwa herufi. Shilingi kumi nyeusi,
kumi na tano ya dhahabu; msalaba wenyewe una bei yake.
Kibanda changu kiko Mbagathi, karibu na mochari,
na tangu Ijumaa Kuu mvua haijanyamaza,
rangi haikauki, mbao zinanuka kama godoro la mgonjwa.

Jumamosi alasiri akaja Drusila Kavetsa,
viatu mkononi, matope mekundu hadi magotini.
Kumsafirisha marehemu hadi Vihiga ni gharama; atalala Lang'ata.
Nikashika brashi: Hezroni Kisia. Mawio, mwaka gani?

"Anza na machweo," akasema.

Mama, nikamwambia, huu ndio utaratibu:
jua huchomoza kwanza, ndipo likatua.
Miaka kumi na tisa naandika misalaba,
sijawahi kuanza na giza.

"Hezroni alilinda godauni usiku, kule Lunga Lunga.
Jua likitua, anavaa koti, anachukua rungu na tochi, huyoo.
Jua likichomoza, nasikia kikohozi chake mlangoni.
Miaka ishirini na miwili.
Sasa wewe unataka kunigeuzia mume."

Sikuwa na jibu. Mimi kanisani huenda kwa harusi,
na siku hizi hata harusi zimeadimika.
Nimeona wengi wakiingizwa mochari ile;
wa kutoka kwa miguu yake sijamwona,
na kumdanganya mteja sipendi.

Haya, machweo nimeandika. Na mawio?

"Andika neno. Tarehe usiandike."

Niache wazi?

"Acha wazi. Sijui zamu yake itaisha lini.
Hata zamani sikuijua dakika: mara saa kumi na mbili,
mara saa mbili, mwenzake akichelewa kumpokea.
Lakini chai sikuwahi kuimwaga."

Akafungua fundo la leso, akahesabu noti zilizolowa.
Na hapo palipo wazi, akauliza, ni pesa ngapi?
Patupu hapalipiwi, mama.
Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.
"Palilipiwa jana," akasema, akaenda zake.

Jana nilishinda hapa kutwa. Hakuna aliyelipa chochote.
Alikuwa ameshavuka barabara
nilipokumbuka jana ilikuwa siku gani.

Nililala kibandani, nikikinga rangi isinyeshewe.
Alfajiri ya Jumapili mvua ikakatika.
Walinzi walikuwa wakirudi makwao, mmojammoja,
makoti mazito kwa maji,
tochi ya mmoja wao ikiwaka bure, mchana umeshaimeza.
Akakohoa. Akanisabahi kwa jina, ingawa simjui.

Nikaugusa msalaba. Jina limekauka.
Machweo yamekauka.
Neno mawio lilikuwa bado bichi,
likanishika kidoleni.

Nimenawa kwa mafuta ya taa, mara mbili.
Bado lipo.