Kioo cha Pili

Kipakatalishi changu kina miaka kumi na mitatu.
Bawaba moja imelegea, kitufe cha nukta kimeng'oka,
na feni yake, nikiiwasha asubuhi,
hukohoa kama mvuta tumbaku anayetafuta viatu vyake.
Betri ilikufa zamani. Naiacha humo kwa uzito tu.

Guram wa ghorofa ya tatu amenipa monita
iliyotoka katika shule iliyofungwa kule Tskaltubo.
Mgongoni ina namba ya rangi nyeupe, kumi na saba,
na pembeni mtoto fulani amekwaruza jina la Eteri,
akalizungushia moyo, kisha akaufuta nusu.
"Itafanya kazi," alisema, "ila usiiulize umri."

Waya una meno kumi na matano, jino moja limepinda.
Nikalinyoosha kwa sindano ya kushonea,
pumzi nimeibana.
Nikachomeka. Giza.
Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Giza.
Nikabonyeza kitufe hiki, na kile, na vyote viwili,
nikamtukana Guram kimoyomoyo,
nikamwomba radhi kimoyomoyo.
Umeme wa jengo ukakatika, ukarudi,
na Kumi na Saba akafumbua jicho.

Lakini mashine iliamini kwamba kioo kipya kiko kushoto.
Kiko kulia! Nakiona, kando ya dirisha, upande wa mto Rioni.
Nikisukuma kishale kulia, kinagonga ukuta.
Nikikisukuma kushoto, kinaibukia kulia kwangu
kama mtu aliyetokea mlango wa jikoni
akaingilia mlango wa mbele, amevaa koti jingine.
Dakika arobaini niliishi hivyo,
mkono ukijifunza uongo na kuuzoea,
kabla sijagundua kwamba vile visanduku viwili,
moja na mbili, katika mipangilio,
vinaburutika.

Wala havifanani.
Cha zamani kina usamawati, kama maziwa yaliyozimuliwa.
Kipya, ambacho ndicho kikongwe, ni njano ya chai iliyolala.
Nimerekebisha rangi mpaka macho yakatoa machozi.
Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani, sembuse hawa.

Kulia nimemweka baba:
daftari zake, nilizozipiga picha ukurasa kwa ukurasa,
kina cha mto, kila siku saa moja asubuhi,
miaka thelathini na mmoja,
kwa wino ulioganda majira ya baridi
akaupasha moto kwapani.
Kushoto nimejiweka mimi na safu tupu.
Zamani nilifungua ukurasa, nikakariri tarakimu nne,
nikaufunga, nikaandika,
na kati ya kufunga na kuandika
moja ilidondoka, nisijue ipi.
Sasa nageuza shingo tu.

Tarehe tisa Machi, sentimita mia mbili na kumi na nne.
Tarehe kumi, mia mbili na thelathini, theluji inayeyuka.
Tarehe kumi na moja hakuna tarakimu.
Kuna neno moja, kwa mwandiko mdogo kuliko wake:
*Msichana.*

Mara tatu niligeuza shingo, kulia, kushoto, kulia.
Hakuwahi kuniambia. Alizoea kusema
hakukosa siku hata moja kazini.
Na mto, siku ile niliyozaliwa,
ulipita bila kupimwa.

Nikachapa neno lake. Safu ikalikataa:
*ingiza namba.*
Nikachapa tena. Ikalikataa tena, kwa adabu ileile.
Ningeweza kuacha pengo; nani angeuliza?
Badala yake nikaichagua safu nzima,
siku elfu kumi na moja na ushei,
nikaibadilisha aina, toka juu hadi chini,
ili neno moja lipate pa kukaa.

Mashine ikaganda. Feni ikapiga yowe,
vioo vyote viwili vikapauka.
Nikaondoa mikono mezani.
Nikaenda kuchemsha maji, taratibu,
ili mzee wa watu amalize.